Mwisho wa Kisa Una Mwenyewe

Wezi ni wa namna nyingi, na karibu wote tumekwisha kuwazoea. Yuko mwizi wa kuku, yuko mwizi wa mihogo shambani, yuko na karani apunguzaye mshahara wa wenziwe kwa kalamu. Hao wote twajua namna ya kuwashitaki. Lakini yuko mwizi mmoja ambaye hakuna baraza lililopata kumwita, wala yeye mwenyewe hajijui kuwa ni mwizi. Tena mara nyingi ni mtu mwema, mchangamfu, mpenda watu. Ndiye yule anayekukuta unasoma kitabu, akatazama jina lililo juu ya jalada, akatabasamu, kisha akakuambia: «Aa, kumbe hicho! Mwishoni utaona, yule mjomba ndiye aliyeua.» Halafu huyo anakwenda zake akipiga mluzi, nawe unabaki na karatasi mia mbili mkononi zisizo na ladha.

Najua watakaocheka. Watasema: «Mwalimu amekosa mambo ya kuandika. Katika nchi ambamo watu wanakosa dawa na barabara, yeye analia kwa ajili ya hadithi!» Nawasikia. Lakini nasema kwamba ni katika nchi kama yetu hasa ambamo jambo hili lina uzito. Penye vitabu vingi kila mtu ana chake, naye anakisoma siku apendayo. Akiharibiwa kimoja, atafungua kingine kabla ya jua kutua. Sisi tunangoja. Na mwizi ninayemsema humwibia yule aliyengoja.

Nifundishapo mimi, katika mji mmoja wa kando ya ziwa Tanganyika, darasa langu lilikuwa na wanafunzi 36 na kitabu 1 cha kusomea nyumbani. Ni kitabu cha Jules Verne, kile kinachosimulia safari ya kuizunguka dunia kwa siku 80. Jalada lake la mbele lilikwisha kupotea, na la nyuma limeshonwa kwa uzi wa nyavu. Tulipiga kura ili kupanga zamu. Kila mmoja alipewa siku 5, asizidishe hata moja. Pigeni hesabu wenyewe: siku 5 mara watu 36 ni siku 180, ndiyo miezi 6. Wa kwanza alikisoma wakati wa mvua za kwanza. Wa mwisho angekipata karibu na mitihani.

Wasiokijua kitabu hicho, na wawe na amani, sitawafunulia kitu. Nitasema yale tu ambayo mwandishi anayasema mwanzoni. Bwana mmoja Mwingereza, jina lake Phileas Fogg, anaweka dau la paundi 20,000 pamoja na rafiki zake huko London kwamba ataizunguka dunia na kurudi kabla ya saa 2 na dakika 45 za usiku, tarehe 21 Desemba 1872. Anaondoka usiku uleule, tarehe 2 Oktoba, pamoja na mtumishi wake Mfaransa. Sura ni 37. Njiani kuna tembo, kuna gari la moshi, kuna dhoruba baharini, kuna mpelelezi anayewafuata kila mahali. Na mwisho wake wote umefungwa katika fundo moja, nalo ni fundo la jiografia. Mwanafunzi aliyesikiliza vema somo la darasani aweza kulifungua mwenyewe, hata kabla ya Bwana Fogg. Ndiyo sababu nilikichagua kitabu hicho. Mwanafunzi akifunguliwa fundo hilo na mwingine, amepewa jibu la hesabu bila hesabu.

Nikumbushe pia namna kitabu hicho kilivyoanza. Kilitoka kidogo kidogo katika gazeti la Paris liitwalo Le Temps, tangu tarehe 6 Novemba mpaka tarehe 22 Desemba 1872. Angalieni tarehe hizo! Watu walisoma safari hiyo karibu katika siku zilezile ambazo Bwana Fogg alipaswa kuwa njiani. Tajiri na maskini walifika mwisho siku moja, kwa maana gazeti la kesho lilikuwa halijapigwa chapa. Mimi huwaonea wivu wasomaji wale. Walikuwa wamepanga foleni moja, na hakuna aliyetangulia mbele yake.

Katika darasa langu haikuwa hivyo. Wa tano alikwisha kujua, na wa thelathini hajagusa jalada. Alikuwako kijana mmoja, mwana wa mvuvi, ambaye kura ilimpa namba 33. Hakununa. Alianza kujilinda. Wenziwe wakianza kuzungumza habari za Fogg, yeye alitia vidole masikioni na kuimba kwa sauti, hata wakampa jina la Kiziwi. Alipokwenda ziwani na baba yake usiku, alinieleza baadaye, alikuwa akiwaza: sasa yule bwana amefika wapi, Bombay au Hong Kong? Alichora ramani nyuma ya daftari yake, akapima kwa uzi. Naam, kijana yule alikisoma kitabu kile miezi mitano kabla hajakipata.

Ilikuwa imebaki wiki moja tu kabla ya zamu yake. Wakiwa kwenye bomba la maji, kila mtu na dumu lake, mwenziwe aliyekwisha kusoma alimpigia kelele mwisho wote kwa maneno machache. Maneno yale hayafiki hata kumi. Hakuwa na chuki naye. Alitaka kuwachekesha waliokuwa pale, nao kweli walicheka.

Zamu ilipofika, kijana alikichukua kitabu, akakirudisha asubuhi ya pili. Nilimwuliza, «Una siku 5. Kwa nini unakirudisha leo?»

Akanijibu kwa adabu, mikono nyuma: «Mwalimu, asante. Apewe anayefuata. Hakuna kitu kilichobaki mle.»

Nikamwambia zipo sura 37, tena ndani mna mengi yasiyo mwisho: miji, bahari, watu. Akasema, «Ndiyo, Mwalimu. Lakini nilikuwa ninakwenda mahali, na mimi nimekwisha kufikishwa.»

Neno lile, «nimekwisha kufikishwa», sijapata kulisahau. Mtoto wa mvuvi ajua tofauti ya kufika na kufikishwa.

Mambo yakaletwa mbele ya darasa. Aliyepiga kelele alijitetea vizuri sana, nami nilimsikiliza, kwa kuwa kijana huyo ana akili. Alisema: «Mwalimu, nimesema uongo? Yale niliyosema ndiyo yaliyoandikwa. Tangu lini kusema kweli ni kosa?» Wengine wakaitika kwamba ni sawa. Hapo ndipo palipo na shida yote. Hakika hakusema uongo. Wala hakuchukua kitu kwa mkono; kitabu kilikuwa kizima, hata ukurasa mmoja haukupungua. Lakini mwanafunzi mmoja wa kike, ambaye kwa kawaida hanyoshi mkono, alisimama akasema: «Mama akipika kwa ajili ya wageni, nami nikafunua chungu na kula nyama, siwezi kujitetea kwamba ile ilikuwa nyama ya kweli.» Darasa lote likanyamaza. Mimi sikuongeza kitu.

Tangu siku ile tuliweka desturi. Nyuma ya darasa la sita kuna mwembe. Waliokwisha kusoma wana ruhusa ya kukaa chini yake na kuzungumza habari za kitabu kwa kadiri wapendavyo, maana wao nao wana haja ya kusema. Moyo uliojaa hauwezi kufungwa kama chupa. Lakini asiyesoma akitaka kupita, hupaza sauti mbali: «Hodi!» Na wale hunyamaza mpaka amepita. Nimeona wanafunzi wakubwa wakiinyamazia hodi ya mtoto mdogo kwa heshima ambayo hawanipi mimi mwalimu wao.

Sasa nawapa neno wenye elimu, kwa kuwa wamelichunguza jambo hili, na si haki kulificha kwa sababu halinipendezi. Mwaka 2011 mabwana wawili wa Chuo Kikuu cha California huko San Diego, Jonathan Leavitt na Nicholas Christenfeld, waliwapa watu hadithi fupi 12 za waandishi mashuhuri, kama Chekhov na Agatha Christie. Wengine walielezwa mwisho kwanza, wengine hawakuelezwa. Wakaulizwa wamezipendaje. Ajabu ni kwamba waliokuwa wameelezwa mwisho walizipenda kuliko wenzao! Magazeti ya ulimwengu yalishangilia. Lakini mwaka 2015 wachunguzi wengine wawili, Benjamin Johnson na Judith Rosenbaum, walijaribu tena, wakaona kinyume chake: hadithi isiyoharibiwa iligusa moyo zaidi.

Basi wenyewe hawajapatana. Mimi sina mizani ya kuwapimia. Nasema neno moja tu la mwalimu wa shule: hadithi zile zilikuwa fupi, za kusomwa kwa kitako kimoja, na wale waliozisoma hawakuwa wamezingoja. Mtu aliyeletewa hadithi asiyoijua na asiyeitamani, akielezwa mwisho wake, amepoteza nini? Huenda hata amesaidiwa, kama mgeni anayeonyeshwa njia ya soko. Lakini mwelezeni vivyo hivyo yule aliyepima njia ya Bombay kwa uzi nyuma ya daftari. Mwezi Julai 2005, kitabu cha 6 cha Harry Potter kilipotoka, watu walipanga foleni usiku mbele ya maduka. Na wako waliopita wakiwapazia sauti jina la atakayekufa na jina la atakayemwua. Wale waliopiga kelele hawakwenda kwa watu waliolala nyumbani. Walikwenda kwenye foleni, kwa sababu ndipo palipokuwa na wenye njaa.

Hata hivyo singependa mtu aelewe kwamba mwisho wa kila hadithi ni siri ya kufungiwa sandukuni. Tukisema hivyo tutawakosea wazee wetu.

Bibi yangu, mzaa mama, alikuwa na hadithi za sungura zisizozidi kumi, na kila moja tuliijua kama njia ya kisimani. Tulijua sungura atavuka mto juu ya migongo ya mamba, tulijua atawaambia nini. Na bado tulikaza macho. Bibi akiruka neno moja, tulimsahihisha. Hatukuwa tunangoja habari mpya. Tulingoja sauti yake ifike pale ambapo hugeuka kuwa nyembamba, na mkono wake ufike pale ambapo hupiga goti. Lakini wakati mwingine alikuwako mjukuu mdogo, aliyeletwa kutoka kijiji kingine, ambaye hadithi ile ilikuwa ya kwanza kwake. Usiku huo sheria ilibadilika. Ole wake aliyetangulia kinywa cha bibi! Alipelekwa nje gizani kuleta kuni, hata kama kuni zilikuwako tele. Bibi hakupata kusoma kitabu, lakini alijua kwamba katika duara moja la moto wako wanaorudi na wako wanaokwenda mara ya kwanza, na kwamba wanaorudi wanawiwa na wanaokwenda.

Mfano mkubwa zaidi uko kwa Wanyanga, katika misitu ya Walikale. Mwaka 1956 mtaalamu Daniel Biebuyck aliandika kutoka kinywani mwa mzee Candi Rureke habari ndefu za shujaa Mwindo, yule mtoto ambaye baba yake hakumtaka kwa sababu alikuwa amekataza kuzaliwa wana wa kiume. Masimulizi yalichukua siku 12. Kitabu chake kilitoka mwaka 1969, kwa kazi ya Biebuyck na Mkongomani Kahombo Mateene. Rureke mwenyewe alisema kwamba hajawahi kusimulia kisa kizima kwa siku zinazofuatana namna ile. Desturi ilikuwa kusimulia kipande kimoja leo, kingine siku nyingine. Waliokuwa wakiimba viitikio na kupiga vyombo hawakuwa wageni wa kisa hicho. Je, walipoteza kitu? Hapana. Wao walikuwa wenyeji wa njia ile, na mwenyeji hapotezi kitu akiipita tena.

Tofauti ni nini basi kati ya kisa cha Mwindo na kitabu cha darasa langu? Nililifikiri sana jambo hilo, na jibu nililipata katika masomo ya Kilatini ambayo walimu wa seminari walitulazimisha, nasi tukinung'unika.

Kale huko Roma alikuwako mwandishi wa michezo ya kuchekesha, jina lake Plautus. Huyo alipenda kumtoa msemaji mbele kabla mchezo haujaanza ili awaeleze watu mambo yatakavyokuwa. Katika mchezo wake mmoja kuhusu wafungwa wa vita, msemaji anawaonyesha watazamaji mfungwa aliyesimama katika minyororo, akawaambia waziwazi: huyu ni mwana wa mzee mwenye nyumba hii, naye baba hajui, na mwana hajui. Kisha mchezo unaanza. Kwa kuwa watazamaji wamekwisha kuambiwa, kila neno kali ambalo mzee anamwambia mtumwa wake linawachoma wao, wala halimchomi mzee. Plautus ameiuza siri mapema ili anunue kitu kingine.

Baadaye akaja Terentius. Nasi Waafrika yafaa tumjue huyu, maana Warumi walimwita Afer, yaani Mwafrika, na wa kale waliandika kwamba alizaliwa Karthago, akapelekwa Roma utumwani, akafunzwa na kuachwa huru. Aliandika michezo 6. Katika mmoja wa mwisho, uliochezwa mwaka 160 kabla ya Kristo, msemaji anawaambia watu wasingoje kuelezwa kisa. Wazee watakaotoka kwanza wataonyesha sehemu yake, na mengine yataonekana katika kutenda. Huyo aliona heri watu watembee wenyewe.

Plautus na Terentius wote wawili walikuwa na haki, kwa sababu wote wawili walikuwa wenye kisa. Mwenye nyumba aweza kumpitisha mgeni kwa mlango wa mbele au wa nyuma. Bibi yangu vivyo hivyo. Na msomaji mwenyewe ana haki yake: wako watu wenye moyo mwepesi ambao hawawezi kuendelea na hadithi mpaka wamesoma ukurasa wa mwisho na kuhakikisha kwamba mtoto hatakufa. Nina rafiki wa namna hiyo, tena ni mtu mzima mwenye cheo. Simcheki. Ukurasa ule ameufunua kwa mkono wake. Asiye na haki ni wa tatu tu: yule ambaye hakutunga, wala hasomi, wala hakuulizwa.

Wazungu wenye michezo na sinema walilitambua jambo hili wakaanza kuwaomba watazamaji kwa upole. Huko London kuna mchezo wa Agatha Christie uitwao The Mousetrap, ulioanza tarehe 25 Novemba 1952. Ni ugonjwa wa Covid tu uliousimamisha mwaka 2020, nao ukarudi mwaka uliofuata. Kila usiku mwishoni, mmoja wa wachezaji huwaomba waliokuja waiweke siri ya muuaji. Mwaka 1955 Mfaransa Henri-Georges Clouzot aliweka maandishi mwishoni mwa filamu yake Les Diaboliques, akiwasihi watu wasiwaharibie rafiki zao. Mwaka 1960 Alfred Hitchcock alikuwa mkali zaidi: kwa ajili ya filamu yake Psycho aliagiza kwamba hakuna atakayeingia baada ya kuanza, awe nani, nalo lilikuwa jambo geni huko Marekani ambako watu walizoea kuingia katikati ya sinema. Mwaka 2010 paliinuka manung'uniko juu ya Wikipedia, ile kamusi kubwa ya intaneti, kwa kuwa ilitaja muuaji wa The Mousetrap, hata mjukuu wa Bibi Christie akasikitika. Wenye kamusi walishika neno lao kwamba kazi yao ni kueleza mambo. Mimi hapo siwalaumu sana. Anayefungua kamusi amekwenda kuuliza.

Nageuka sasa kwenye nyumba zetu, kwa kuwa huko jambo lina sura nyingine.

Katika mitaa ya kwetu filamu zaonyeshwa katika kibanda chenye mashine ya umeme, na nyingi ni zile zilizotafsiriwa kwa sauti ya mtu mmoja. Wajuao mambo haya wamekwisha kusikia sauti ya Lufufu wa Tanzania, au ya DJ Afro wa Kenya, wakimsemea Mchina na Mmarekani kwa Kiswahili. Si jambo jipya: zamani za Wabelgiji, mapadri walipozunguka na sinema, mara nyingi alisimama mtu kando ya kitambaa akiwaeleza watu kwa lugha yao. Basi msimulizi wa namna hiyo hutangulia. Adui hajaonekana, naye anasema: «Mtazameni vizuri huyu mwenye kofia, jua halitatua naye yuko hai.» Na watu hupiga makofi! Hakuna anayedai fedha yake. Kwa nini? Kwa sababu yeye si mpita njia. Amekuwa mwenye kisa wa pili, kama yule msemaji wa Plautus, na watu wamekuja kumsikiliza yeye kama vile kuitazama filamu.

Kibanda hicho hujaa wanaume na vijana. Mama wa nyumba hana nafasi. Ana watoto, ana chungu motoni. Mume akirudi, husimulia. Hapo msidhani kwamba nitawakataza akina baba wasiseme mwisho. Kwa mama asiyekwenda, masimulizi ya mumewe ndiyo filamu yenyewe, hana nyingine. Ninachowashitaki ni uvivu wao. Baba anaingia, anavua viatu, anasema, «Leo ilikuwa nzuri, yule mkubwa amekufa,» kisha analala. Huyo amempa mkewe mfupa! Mke wangu alinifundisha kazi hii mapema katika ndoa yetu. Nilipofungua kinywa alisema, «Baba Paulo, ngoja nimlaze mtoto. Kisha uanze pale walipotoka nyumbani, na usinirukie mto.» Ikawa desturi. Namsimulia kwa taratibu, yeye akimenya maharagwe, na nifikapo mahali pa hatari huacha mikono juu ya ungo.

Mwaka jana tulipata bahati. Jirani mmoja alinunua televisheni kubwa, akawaita majirani wote, akina mama na watoto pia, watazame filamu ya kihindi pale uani. Watu hawakupungua sitini. Filamu ilikuwa ndefu, kama zilivyo za huko: ndugu wawili waliopotezana tangu utoto, mmoja askari, mmoja jambazi, na mama yao kipofu katikati. Ilipobaki karibu nusu saa, yule askari ameinua bunduki na hajui ni nani aliye mbele yake, umeme ukakatika. Mtaa mzima ukawa giza. Watu wakalia kama waliofiwa.

Tulingoja. Watoto wakaanza kusinzia. Ndipo sauti ikasikika gizani, ya kijana mmoja fundi wa baiskeli: «Mimi filamu hii nimekwisha kuiona Bujumbura. Niwaambie?»

Kukawa na kishindo. Nusu wakasema, «Sema, sema, tukalale!» Nusu wakasema, «Nyamaza, usithubutu!» Mzee wa mtaa akaamua. Alisema wanaotaka kuambiwa watoke na fundi waende mpaka kwenye kisima, na wasirudi na maneno; wasiotaka wabaki uani. Basi watu wakainuka kwa taa za simu, wengi wao, wakatoka mmoja mmoja. Nami nilitoka, kwa kuwa kesho yake nilikuwa na darasa saa 1 na nusu asubuhi, na mambo kama hayo hunizuia usingizi. Kule kisimani fundi alitusimulia vema, hata akaigiza sauti ya mama kipofu.

Niliporudi nilimkuta mke wangu amekaa palepale juu ya mkeka, mtoto mgongoni, pamoja na wengine kumi na wawili hivi, mbele ya kioo cheusi. Walikuwa wakibishana kama askari atapiga au hatapiga. Nilikaa karibu naye. Aliniangalia usoni kwa mwanga wa simu, kisha akaizima ile simu, akasema, «Baba Paulo, geuza uso wako upande ule. Unaonyesha.»